Sura ya Nne: Maziwa ya Mwezi wa Kumi

Swali ambalo wafugaji wadogo wa Songea huuliza karibu kila wanapokutana na afisa mifugo ni kwa nini ng'ombe aliyenunuliwa kwa sifa ya kutoa lita 20 kwa siku hutoa lita 5 au 6 tu akishafika kwenye banda la mnunuzi, na kwa nini hata hizo hupungua hadi kubaki lita 2 au 3 ifikapo mwezi wa tisa na wa kumi. Jibu linalosikika mitaani ni kwamba mbegu ya ng'ombe huyo imechakaa au kwamba muuzaji alidanganya, na kwa sababu hiyo wapo wanaomuuza na kutafuta mwingine mwenye damu nyingi zaidi ya kizungu, ambaye naye baada ya miezi michache hufanana na yule aliyeuzwa. Udanganyifu wa wauzaji upo na hauna haja ya kutetewa. Hata hivyo, katika mabanda mengi ya Manispaa ya Songea na vijiji vinavyoizunguka, uwezo wa ng'ombe haujawahi kupimwa, kwa kuwa hajawahi kupata kwa mwaka mzima chakula cha kumfikisha kwenye uwezo huo. Sura hii inaeleza jinsi maziwa yanayokosekana mwezi wa kumi yanavyopotea mwezi wa nne, wakati majani yamejaa kila mahali na hakuna anayeyakata kwa ajili ya kuyaweka akiba.

Ng'ombe hula kwanza kwa ajili ya mwili wake

Chakula kinachoingia tumboni mwa ng'ombe hugawanywa kwa utaratibu ambao mfugaji hawezi kuubadili. Sehemu ya kwanza humweka ng'ombe hai, yaani huendesha moyo na mapafu, hutunza joto la mwili na humwezesha kusimama na kutembea. Mtamba, ambaye ni ng'ombe jike ambaye bado hajazaa au amezaa mara ya kwanza tu, hutumia sehemu nyingine kukua. Mwenye mimba humlisha ndama aliye tumboni. Na kiwele hupata kile kilichobaki. Sehemu ile ya kwanza huitwa chakula cha kutunza mwili, na ukubwa wake huwashangaza wengi: kwa ng'ombe wa kilo 400, ambao ni uzito wa chotara wengi wa Friesian, chakula hicho kwa siku moja kina nguvu inayolingana, kwa makadirio, na ile inayohitajika kutengeneza lita 9 za maziwa.

Ikiwa chakula cha kutengeneza lita moja kitahesabiwa kuwa fungu moja, basi ng'ombe huyo anahitaji mafungu 9 kabla ya kutoa hata tone, na mafungu 21 ili atoe lita 12. Mafungu hayohayo 21 yakigawiwa ng'ombe wawili, kila mmoja hupata 10 na nusu, 9 huishia mwilini, na kinachobaki ni chakula cha lita moja na nusu. Mwenye ng'ombe mmoja huuza lita 12, ilhali jirani yake mwenye wawili na chakula kilekile huuza 3, huku akisafisha banda na kununua dawa mara mbili. Bandani mambo hayawi makali kiasi hicho mara moja, kwa sababu ng'ombe aliyetoka kuzaa huyeyusha mafuta ya mwili wake ili kuziba pengo, lakini deni hilo hulipwa baadaye kwa kukonda na kuchelewa kushika mimba tena.

Hesabu hii ina upande wake wa neema. Ng'ombe anayetoa lita 6 ametumia mafungu 15, na 9 kati ya hayo hayakumletea mwenyewe hata shilingi. Kila fungu linaloongezwa juu ya hapo, hadi kikomo cha mbegu ya ng'ombe huyo, hugeuka karibu lote kuwa maziwa. Chakula cha mwisho kinachoingia horini ndicho chenye faida kubwa kuliko chote, nacho ndicho ambacho mfugaji mwenye haraka ya kuongeza idadi ya mifugo hukibania.

Kwa ufupi: kabla ya kununua ng'ombe wa pili, mfugaji amshibishe wa kwanza mpaka maziwa yake yaache kuongezeka. Hapo ndipo atakapojua kama mbegu ni mbaya.

Mkulima wa mahindi mwenye ng'ombe

Mkoa wa Ruvuma, ambamo Songea imo, haujawahi kuwa nchi ya wafugaji kwa maana inayoeleweka Arusha au Shinyanga. Wangoni waliofika katika karne ya 19 walitoka katika jamii za kusini mwa Afrika zilizomthamini sana ng'ombe, lakini mbung'o, nzi wanaoeneza ugonjwa wa nagana, walishika sehemu kubwa ya misitu iliyo kaskazini na mashariki mwa nchi waliyoikalia. Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ikafagia mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890. Na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, pamoja na njaa iliyofuata, viliwapotezea watu wa Songea ndugu na mali. Ng'ombe wa maziwa wa kisasa waliingia baadaye, kwa sehemu kubwa kupitia misheni, mashamba ya serikali na miradi ya "kopa ng'ombe lipa ng'ombe", ambayo humpa mfugaji mtamba mwenye mimba na kumtaka alipe kwa kumkabidhi jirani mtamba wa kwanza atakayezaliwa. Wataalamu wa ngazi ya cheti na stashahada hufundishwa ndani ya mkoa wenyewe, katika kampasi ya Madaba ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, yaani LITA.

Kwa hiyo mwenye ng'ombe wa maziwa Songea ni mkulima kwanza, naye ni mkulima hodari, kwani Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi kwa mahindi na kuyauza kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Jambo hili huhesabiwa na baadhi ya watu kuwa upungufu, kana kwamba ufugaji ni kipaji cha kurithi. Kwa ng'ombe wa bandani mambo ni kinyume, kwa maana kazi kubwa ya kumfuga ni kulima, kupalilia, kutia mbolea, kuvuna na kuhifadhi. Tatizo ni kwamba mkulima yuleyule anayepanda mahindi kwa kamba, akayawekea mbolea ya kupandia na ya kukuzia, kisha akapima magunia ya kumfikisha Machi, humtegemezea ng'ombe wake majani yaliyojiotea kando ya barabara na kwenye kingo za mito. Mahindi yana ghala, lakini majani hayana.

Hali ya hewa haimsamehi. Songea ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari na hupata msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili na kukoma mwezi wa nne au wa tano. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu sehemu kubwa ya ushauri wa ufugaji wa maziwa unaosambaa kwa Kiswahili ulitokana na uzoefu wa Kilimanjaro, Arusha na nyanda za juu za Kenya, ambako mvua hunyesha misimu miwili kwa mwaka na majani hukatwa karibu miezi yote. Nusu ekari ya majani inayodaiwa kumtosha ng'ombe mmoja wa Kiambu haiwezi kumtosha ng'ombe wa Peramiho, ambaye kwa miezi sita hatapata mvua ya kuotesha chochote. Isitoshe, nyasi zinazobaki kiangazi huwa zimeshatoa maua na kukomaa, na jani lililokomaa hupoteza protini, yaani kirutubisho kinachojenga mwili na kuingia katika maziwa, likabaki na nyuzinyuzi ngumu. Kisha huja moto wa mwezi wa nane na wa tisa, unaomaliza hata hizo.

Kuhesabu chakula cha miezi sita

Ng'ombe wa maziwa hula kwa siku chakula chenye uzito mkavu unaofikia takriban asilimia 3 ya uzito wake. Uzito mkavu ni uzito wa chakula baada ya kuondolewa maji yaliyomo, nao ndio kipimo pekee cha haki, kwa sababu kilo 50 za majani mabichi zinaweza kuwa na kilo 9 tu za chakula halisi na zilizobaki zikawa maji. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji basi kilo 12 za uzito mkavu; ikiwa kilo 3 zitatokana na pumba na mashudu, kilo 9 lazima zitokane na majani. Kwa siku 180 za kiangazi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi na moja, hizo ni kilo 1,620. Mfugaji asiyeijua namba hii hana tofauti na mkuu wa shule anayewapokea wanafunzi wa bweni bila kuuliza kuna magunia mangapi stoo.

Namba hiyo inaonekana kubwa, lakini inagawanyika vizuri. Nusu yake, kilo 810, inaweza kutokana na mabua ya mahindi na majani makavu ya maharage au karanga. Ekari moja ya mahindi inayotoa magunia 15 huacha shambani mabua ambayo uzito wake unakaribia au kuuzidi ule wa nafaka yenyewe, hivyo hata baada ya kuondoa sehemu ngumu ambazo ng'ombe atazikataa, hitaji hilo hutimia. Chakula hicho kipo tayari Songea nzima kila mwezi wa sita na wa saba, na sehemu kubwa yake huchomwa moto wakati wa kusafisha mashamba. Nusu ya pili inapaswa kuwa chakula bora zaidi, nacho ni sileji.

Sileji na mabua

Sileji ni majani mabichi yaliyokatwakatwa, yakashindiliwa na kufunikwa pasipo hewa, yakachachuka na kuwa na ukali unaoyazuia kuoza. Mmea unaofaa zaidi kwa mfugaji mdogo ni mabingobingo, yale matete ya mifugo ambayo baadhi ya watu huyaita majani ya tembo, kwa sababu huota haraka, hustahimili kukatwa mara nyingi na hupandwa kwa vipande vya shina. Kilo 810 za uzito mkavu ni sawa na kilo 3,240 hivi za sileji, na kwa kuwa sileji iliyoshindiliwa kwa miguu huwa na uzito wa karibu nusu tani kwa kila mita moja ya ujazo, shimo lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 1.6 na kina cha mita 1 linatosha ng'ombe mmoja. Watu wawili wenye majembe hulichimba pasipo mashine yoyote. Hatua zenyewe ni hizi:

1. Mabingobingo yakatwe yakiwa na urefu wa takriban mita moja, mwezi wa tatu au wa nne, kwa maana yakizidi hapo protini hupungua. Kisha yaachwe yanyauke kwa nusu siku.
2. Yakatwekatwe vipande vya sentimita 2 hadi 3. Vipande virefu haviwezi kushindiliwa, na panapobaki hewa panaoza.
3. Shimo litandikwe karatasi ya nailoni, majani yapangwe kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka linyunyiziwe molasi iliyochanganywa na maji au, isipopatikana, pumba za mahindi, ili vijidudu vya kuchachusha vipate sukari.
4. Kila tabaka lishindiliwe kwa nguvu, kwa miguu au kwa pipa lenye maji.
5. Lundo lifunikwe kwa nailoni na udongo, na mfereji uchimbwe pembeni ili maji ya mvua za mwisho yasiingie.

Baada ya siku 30 hadi 40 sileji huwa tayari, ikiwa na rangi ya kijani inayoelekea njano na harufu tamu-chachu. Ikinuka uozo au ikiwa na ukungu, hewa iliingia, na sehemu hiyo hutupwa. Ikibaki imefungwa inaweza kukaa hata zaidi ya mwaka. Hatua ambayo huwashinda watu ni ya nne, kwa sababu kushindilia huchosha na matokeo yake hayaonekani mpaka shimo lifunguliwe miezi mitatu baadaye. Asiyekuwa na nguvu ya shimo zima anaweza kuanza na mifuko mikubwa ya nailoni nzito, ambayo hushindiliwa vivyo hivyo na hulindwa dhidi ya panya.

Mabua nayo yanahitaji kazi kidogo. Yakusanywe mara tu mahindi yanapovunwa, kabla jua halijayamaliza na mchwa hawajayafikia, na yawekwe juu ya kichanja chini ya paa. Yana protini ya asilimia 3 hadi 5 tu, na hiki ni kiwango kilicho chini ya asilimia 7 ambayo vijidudu wa rumeni, yaani chumba kikubwa cha kwanza cha tumbo la ng'ombe ambamo majani huchachushwa, wanahitaji ili wafanye kazi. Ng'ombe anayekula mabua matupu hushiba tumbo huku vijidudu hao wakifa njaa, na ndiyo maana hukonda akiwa ameshiba. Dawa yake ni kuyakata vipande na kuyalisha pamoja na chakula chenye protini, kama vile majani ya mti wa lukina, ambayo yana protini zaidi ya asilimia 20, au desmodiamu, mmea wa jamii ya maharage unaotambaa na unaoweza kupandwa katikati ya mistari ya mabingobingo. Lukina isizidi theluthi ya chakula chote cha siku, kwa kuwa ina kemikali inayodhuru ikizidi. Ipo pia njia ya kuyalainisha mabua kwa maji ya mbolea ya urea, lakini urea ni sumu kwa ng'ombe ikikosewa kipimo, na ndama hapaswi kuila kabisa, hivyo kazi hiyo ifanywe kwanza mbele ya afisa mifugo.

Shamba la mabingobingo lipewe samadi inayotoka bandani, yote, kila baada ya kukata. Ni kawaida kuona lundo la samadi likipelekwa kwenye mahindi au bustani ya mboga huku majani ya ng'ombe yakidumaa rangi ya njano, na mwenye shamba akishangaa kwamba mabingobingo yamechoka baada ya miaka miwili. Kwa msimu mmoja wa mvua wa Songea, eneo la karibu ekari moja kwa ng'ombe, pamoja na mabua, ni makadirio salama zaidi kuliko nusu ekari inayotajwa kwingine.

Kwa ufupi: shimo moja la sileji, kichanja kimoja cha mabua na mistari michache ya lukina humvusha ng'ombe mmoja kutoka mwezi wa sita hadi mvua inaporudi.

Pumba, mashudu na mahindi yaliyoota ukungu

Majani mazuri pekee yanaweza kumwezesha ng'ombe kutoa lita 5 au 6. Kinachozidi hapo kinahitaji vyakula vya ziada, ambavyo ni vyakula vyenye nguvu na protini nyingi katika uzito mdogo, na kanuni inayotumika sana ni kilo moja kwa kila lita 2 zinazozidi zile za majani. Ng'ombe wa lita 10 atapewa basi kilo 2 au 2 na nusu kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni wakati wa kukamua. Mchanganyiko wa kilo 100 unaoweza kutengenezwa kwa vitu vinavyopatikana Songea una pumba za mahindi kilo 70, mashudu ya alizeti, yaani makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta, kilo 27, unga wa mifupa au chokaa ya mifugo kilo 2, na chumvi kilo 1. Wapo wanaolisha pumba peke yake kwa sababu mashine za kusaga zipo kila mtaa. Pumba ina nguvu lakini protini yake haitoshi kwa maziwa mengi, na mashudu yanayoonekana ghali ndiyo yanayoifanya pumba hiyo ilipe.

Onyo moja lahitaji kutolewa bila kulainisha. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo familia imeyakataa, hupelekwa bandani kana kwamba tumbo la ng'ombe husafisha kila kitu. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, sumu ambayo sehemu yake hupita mwilini mwa ng'ombe na kutokea katika maziwa, na ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Mtoto aliyeepushwa na ugali wa mahindi hayo huipata sumu hiyohiyo katika kikombe cha maziwa.

Maji

Maziwa ni maji kwa takriban asilimia 87, na ng'ombe wa kilo 400 anayetoa lita 10 anaweza kunywa lita 60 hadi 80 kwa siku, zaidi wakati wa joto na anapokula mabua makavu. Ndoo mbili za lita 20, moja asubuhi na moja jioni, ndiyo kipimo cha mabanda mengi, nacho ni pungufu. Hakuna badiliko jingine la bandani linaloonyesha matokeo upesi kama chombo cha maji kisichokauka mchana na usiku: maziwa huongezeka ndani ya siku chache, bila kununua chakula chochote. Gharama yake ni kubeba maji, na kwa kuwa kazi hiyo mara nyingi humwangukia mama au watoto, uamuzi wa kuvuna maji ya paa la banda unapaswa kuhesabiwa kuwa uamuzi wa maziwa na si wa anasa.

Siku 21 zinazopotea

Ng'ombe hutoa maziwa kwa sababu amezaa. Maziwa hupanda hadi kilele kati ya wiki ya sita na ya nane baada ya kuzaa, kisha hushuka polepole. Kwa kawaida hukamuliwa siku 305 na hukaushwa, yaani huachwa bila kukamuliwa, miezi miwili kabla ya kuzaa tena, ili kiwele kijijenge upya. Mimba huchukua takriban siku 283. Ili azae kila baada ya miezi 12 au 13, anapaswa kushika mimba kabla ya miezi minne kupita tangu azae. Ng'ombe anayetoa wastani wa lita 8 kwa siku 305 hutoa lita 2,440; akizaa kila mwaka, hizo ni lita 6.7 kwa kila siku ya maisha yake, lakini akizaa kila baada ya miezi 18, lita zilezile hugawanywa kwa siku 548 na kuwa 4.5. Ng'ombe ni yuleyule na mbegu ni ileile.

Joto, ambalo ni kipindi ambacho ng'ombe yuko tayari kupandwa, hurudi kila baada ya siku 21 hivi na hudumu chini ya siku moja, mara nyingi likianza usiku. Katika kundi hutambulika kwa ng'ombe kusimama tuli anapopandwa na wenzake. Ng'ombe wa Songea anayeishi peke yake bandani hana mwenzake wa kumpanda, hivyo mfugaji lazima asome dalili nyingine: kulia bila sababu, kukosa utulivu, kupungua maziwa ghafla siku hiyo na ute mwangavu ukeni. Aliyeonekana na joto asubuhi ahimilishwe jioni, na aliyeonekana jioni ahimilishwe kesho yake asubuhi. Uhimilishaji ni kupandikiza mbegu za dume kwa mrija. Mbegu hizo huzalishwa katika Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kilichopo Usa River mkoani Arusha, na husafirishwa zikiwa zimegandishwa katika naitrojeni ya maji, jambo linalomaanisha kwamba hadi zifike Ruvuma zimepita mikono mingi na mitungi mingi. Simu ipigwe mara dalili ya kwanza inapoonekana, kwa sababu joto moja likipita, zinapotea siku nyingine 21.

Kuna jambo ambalo wahimilishaji hulaumiwa bila haki. Ng'ombe aliyekonda haoni joto kabisa, au huliona dhaifu na hashiki mimba hata mbegu ikiwa njema. Kiangazi bila sileji huiba mara mbili: kwanza maziwa ya mwezi wa kumi, kisha ndama wa mwaka unaofuata.

Kupe, kiwele na ndama

Yaliyobaki yameandikwa sana kwingine na yanatosha kutajwa kwa ufupi. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe wa masikio, huua ng'ombe wa kisasa kwa siku chache. Kuogesha au kunyunyiza dawa kila wiki wakati wa mvua ni lazima, na ipo chanjo, iliyobuniwa Muguga nchini Kenya, ambayo hutolewa mara moja na kumkinga ng'ombe kwa muda mrefu. Ugonjwa wa kiwele huanza na kukamua kwa mikono michafu na sakafu yenye matope, na hugunduliwa mapema kwa kukamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi na kutazama kama yana mabonge. Ukamuaji ukamilike ndani ya dakika 5 hadi 7, kwa sababu homoni inayoyaachia maziwa haidumu zaidi ya hapo. Ng'ombe akitibiwa kwa dawa za kuua vijidudu, maziwa yake yasiuzwe wala kunywewa kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa.

Ndama apate dang'a, maziwa mazito ya kwanza yenye kinga, ndani ya saa 6 za mwanzo. Mtamba aliyenyimwa maziwa utotoni ili yauzwe hufikia uzito wa kuhimilishwa akiwa na miaka mitatu badala ya mwaka mmoja na nusu.

Ndama azaliwe mwezi gani?

Swali hili haliulizwi mara nyingi, ingawa kwa msimu mmoja wa mvua lina uzito kuliko swali la mbegu. Ng'ombe aliyehimilishwa katikati ya Februari huzaa mwishoni mwa Novemba, na kilele chake cha maziwa huangukia Januari, wakati majani ni mengi na gharama ni ndogo. Lakini Januari ndiyo pia wakati ambao kila banda lina maziwa na bei hulegea. Aliyehimilishwa karibu na tarehe 20 Oktoba huzaa mwishoni mwa Julai, kilele chake kikawa Septemba, wakati maziwa ni adimu mjini na mnunuzi hujitafutia mwenyewe njia ya bandani. Faida ya mpango huu wa pili ni kubwa, ila ni ya mtu mwenye shimo lililojaa. Kwa asiyekuwa nalo, ng'ombe anayezaa Julai hukonda wakati ule ule alipotakiwa kutoa maziwa mengi kuliko yote, na hatashika mimba mpaka mvua inyeshe.

Kwa mwenye ng'ombe mmoja na shamba dogo la majani, kuzaa mwanzoni mwa mvua ni salama zaidi, hata kama bei si nzuri. Mwenye wawili anafanya vema kuwapishanisha, mmoja azae Julai na mwingine Novemba, ili wasikaushwe wote kwa pamoja na mteja wa kila siku asihamie kwa muuzaji mwingine. Mpangilio huo hauanzishwi kwa kumchelewesha ng'ombe anayekamuliwa, kwa maana kila mwezi wa kusubiri unamgharimu mfugaji kama ilivyoonyeshwa hapo juu. Huanzishwa kwa mtamba, ambaye akishafikia kilo 250 hivi anaweza kungojeshwa miezi miwili au mitatu bila hasara kubwa, na katika miezi hiyo mfugaji apande mabingobingo yatakayoshindiliwa shimoni kabla mtamba huyo hajazaa.